Lamu hakuna mtu usiyemjua

Mhariri, salaam aleikum. Swali lenu la wiki hii, "Je, umewahi kuacha kitu ulichokifuma kwa mkono wako mahali pa wazi ili akiokote mtu usiyemjua? Ilikuwaje?", nimelisoma jikoni nikacheka peke yangu mpaka mama mkwe akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu mama, manake yeye ni mmoja wa wale nisiotaka wajue. Jibu fupi ni ndio, mara sita mpaka sasa, na kati ya hizo sita labda moja ndo ilifaulu. Jibu refu ndo hili, na kama ni refu mno mtanisamehe, sina mwengine wa kumwambia.

Ilianza na simu. Mwaka jana usiku mmoja stima imepotea, nimelala mkekani darini napekua simu kabla chaji haijaisha, nikaona picha ya bibi mmoja huko Uingereza anafunga kinyota cha kufuma kwenye benchi la bustani na kikaratasi kinasema nichukue. Basi usingizi ukaruka. Nikafuatilia mpaka saa saba za usiku. Kumbe wenzetu wana mambo mawili wanayafanya na uzi huko nje, na watu wanayachanganya. Moja ni kuvisha mji, hilo wanasema alilianza Magda Sayeg, mwanamke wa Houston huko Marekani, mwaka 2005, alifuma kipande akakizungushia mpini wa mlango wa duka lake, watu wakapita wakasimama wakashangaa, akahamia kwenye nguzo za barabarani, na toka hapo dunia nzima ikaanza kuvalisha miti sweta. Uingereza wao wanafuma kofia za masanduku ya posta, yale mekundu ya barabarani, juu yake unakuta kondoo, unakuta malkia, unakuta keki. (Huku nani anatumia sanduku la posta siku hizi, hata likivaa kilemba.) Lakini hayo ni mapambo, unaangalia unaenda zako. La pili, lile la yule bibi, ndo lilinishika: kitu kidogo, umekifanya wewe, unakiacha, unaondoka, hujui kakichukua nani na yeye hajui kimetoka kwa nani.

Nikajiambia hii si ndio ile tuliyosomeshwa chuo cha Kurani, mkono wa kulia utoe na wa kushoto usijue? Maana sisi kwetu zawadi ina uso. Kikuba cha maua unamfungia mwenzio wewe mwenyewe, unamkabidhi mkononi na anakinusa mbele yako. Ukipeleka sahani ya kaimati kwa jirani, sahani hairudi tupu, na anayesahau atasemwa. Nikataka siku moja nitoe kitu kisichorudi.

Sasa nifume nini. Wao wanafuma kwa sufu, kofia na skafu na vidubu. Kofia ya sufu hapa Lamu utamvisha nani, punda? Na sufu kwa hii hewa ya chumvi hailali kabatini, miezi ya kusi inaota koga na nondo wanamalizia. Nikarudi kwenye kile alichonifunza shangazi yangu nikiwa na miaka tisa, kifuniko cha glasi. Mnakijua, kile kitambaa cha duara kama kiganja kilichokunjuliwa vizuri, cha uzi wa pamba, na shanga pembeni zinaning'inia ili upepo usikipeperushe na inzi asiingie kwenye maji ya ndimu. Nafuma kwa sindano ya kroshia ya milimita mbili, jioni mbili kimekwisha. Shanga ni 24, na siri yake ni kuzitunga zote kwenye uzi kabla hujaanza hata kitanzi cha kwanza, kisha unazisukuma mbele kidogo kidogo huku unafuma, mpaka ufike duru ya mwisho ndo unaziachia, mimi huziachia mbili mbili. Ukigundua mwisho zimepungua mbili, ama ukate uzi uunge, ama ufumue. Mimi nimefumua sana.

Cha kwanza nilikiacha mtaa wa Mkomani. Nilitoka baada ya alfajiri, buibui na ninja usoni, njia tupu kasoro punda wawili wamesimama wamelala, nikakiweka juu ya baraza ya nyumba moja yenye mlango mkubwa wa kuchonga, kizuri jamani, chekundu na shanga nyeusi, karatasi sikuweka kwa sababu nilidhani kitajieleza chenyewe. Saa tatu niko kwa mama wa mbaazi nasubiri mahamri yangu, nasikia wanawake wawili wanaongea kwa sauti ya chini ile ya kusikika mtaa mzima. Ati nyumba fulani wamewekewa kitu mlangoni. Cha uzi mwekundu, kina mafundo, kina shanga nyeusi, zimehesabiwa. Mwenye nyumba hakukigusa, kamwita maalim akasoma, kikainuliwa na kijiti kikaenda kutupwa baharini.

Nilisimama pale na sahani yangu kimya kama maji mtungini. Na kwa kweli siwezi kumlaumu. Nani hapa hajui Qul audhu birabbil falaq, shari ya wanaopulizia mafundoni? Na kifuniko cha kroshia ni nini kama si mafundo mia kadhaa ya uzi mmoja? Tena mekundu. Tena mlangoni kwa mtu, alfajiri. Yule bibi wa Uingereza hana habari ya kufikiria haya, anafunga nyota yake anaenda kunywa chai.

Basi nikajifunza, rangi nyeupe na buluu, si mlangoni kwa mtu, na karatasi iwepo. Cha pili nikakiweka mtaani kwetu Langoni kwenye ukuta karibu na msikiti, karatasi nimeandika "Chukua, ni chako, zawadi." Sijui karatasi ilienda wapi, nadhani upepo. Baada ya asri spika ya msikiti ikaita, kimeokotwa kitambaa cha kufunikia glasi, cheupe na buluu, mwenyewe afike. Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Manake kitu cha kuokota kina sheria yake, cha thamani kitangazwe mwaka mzima, na hata kile kidogo kitangazwe kwa muda ambao mwenyewe angekuwa bado anakitafuta, na yule mzee aliyekiokota ni mtu wa dini, aliona kazi ya mkono, akakadiria mwenyewe atakitafuta sana. Siku tano! Siku tano natangaziwa zawadi yangu mwenyewe nikiwa jikoni nakuna nazi, na mama mkwe anasema maskini, huyo mwanamke atakuwa anahangaika. Nilifikiria kwenda kukidai ili kelele ziishe, lakini nikienda kukidai si nimekuwa nimekipoteza, na nilikuwa sijakipoteza.

Cha tatu sikiongelei sana. Nilikifunga kwa kamba kwenye nguzo pale ufuoni, karatasi nimeitoboa nikaifunga imara safari hii, na punda akaila karatasi. Kitambaa akakiacha kimelowa mate. Nikakichukua mwenyewe nikakifua.

Cha nne ndo kilichoniuma. Nilikiacha Mkunguni mbele ya ngome, mchana, kwa makusudi, nikasema mahali penye watu wengi hakuna anayemwona mtu. Kosa la kitoto. Wale wazee wanaokaa pale chini ya miti wanakujua kwa mwendo, uvae ninja mbili juu ya nyingine watakwambia huyo ni mtoto wa fulani, leo anachechemea. Hata hivyo hakuna aliyeniita, nikajipongeza. Magharibi mlango unagongwa, nakuta mtoto wa jirani na sahani ya visheti, imefunikwa na nini? Na kile kifuniko changu. Ametumwa na mama yake, anasema mama anashukuru sana ni kizuri sana, na sahani usihangaike kuirudisha. Kumbe baba yake alikiokota akakipeleka nyumbani, mkewe akakitazama mara moja akajua. Nikamuuliza baadaye alijuaje, akanijibu kwani nani mwengine hapa mtaani anaachia shanga mbili mbili.

Nikaenda kwa shangazi kulalamika bila kulalamika, nikamwonyesha cha tano ambacho nimebadilisha kila kitu, shanga moja moja, duru ya katikati nimeiacha na matundu makubwa, uzi wa kijani ambao sijawahi kununua maishani. Shangazi macho yake hayaoni vizuri sasa. Alikishika, akapitisha kidole gumba pembeni taratibu mpaka pale uzi unapoishia, akakisimamisha kidole hapo. Mimi uzi nikimaliza naupitisha mara mbili kwenye kitanzi cha mwisho kisha naurudisha chini ya vitanzi vitatu ndo nakata, na sijawahi kufikiria kwamba kuna namna nyingine. Akacheka. "Mkono wako siuyui?" akasema. Kisha akaniuliza nakificha nini, na mimi kwa huyu mwanamke sijawahi kuweza kudanganya, nikamwambia yote, la baharini na la spika na la punda. La spika alicheka mpaka akaomba maji.

Alichoniambia baadaye nimekuwa nikikigeuza kichwani. Alisema zamani wao wakitaka kutoa kwa siri hawakuacha kitu njiani, walimpa mtoto mdogo asiyejua kusema vizuri akipeleke, akiulizwa nani kakutuma anasema "mama", na kila mtu ana mama. Wazo zuri, ila watoto wa siku hizi wanasema jina kamili na namba ya simu.

Kile cha kijani nilikipeleka Shela, nikakiacha juu ya ukuta mfupi unapoanza ufuo, chini ya kijiwe, na karatasi ndani ya plastiki. Jioni hakipo. Wiki nzima nilitega sikio, hakuna spika, hakuna visheti, hakuna maalim. Hiyo ndo ile moja niliyosema labda ilifaulu. Huenda kakichukua mgeni kimeenda naye Ulaya, huenda ni wimbi, maji yanapojaa pale yanafika ukutani. Nilivyokuwa nataka sana nisijue, na sasa sijui, wallahi nikakuta inaniwasha.

Kwa hiyo cha sita nikaona nikifanye kwa akili. Wageni wa kweli, wale mimi siwajui na wao hawanijui, wako kwenye boti ya kwenda Mokowe, kule bara, watu wa Hindi, wa Mpeketoni, wa Witu, watu wanaokwenda kukamata basi la Mombasa. Juzi Jumanne nilikuwa na shughuli ng'ambo, nikapanda boti imejaa, nikakaa pembeni, na karibu tunafika nikakichomeka kwenye benchi kati yangu na jaketi la kuokolea, nusu kinaonekana. Boti ikagonga jeti, nikashuka wa kwanza, napanda zile ngazi sitazami nyuma.

"Mamaaa! Mama wa buibui! Umesahau kitambaa chako!"

Kijana wa nauli. Kasimama juu ya benchi, kakiinua juu, shanga zinameta kwenye jua, na boti nzima imenigeukia. Nikatikisa kichwa, akadhani sijasikia, akapiga mluzi. Basi kikaanza kuja. Akampa mzee wa kofia, mzee akampa mwanafunzi, mwanafunzi akampa mama mmoja mwenye kapu la maembe, na huyo mama akakishika kidogo zaidi ya wengine. Akakigeuza upande wa chini kama anayeelewa. Akahesabu shanga kwa midomo. Akaniuliza kwa sauti kutoka kwenye boti, "Hii unafuma mwenyewe?"

Hapo ndo ningesema, mama chukua, ni chako. Maneno manne tu. Lakini watu wote wananitazama, na kijana wa nauli amefurahi kwa wema wake mpaka meno yote yako nje, ningemvunjaje. Nikasema ndio mama, nafuma mwenyewe. Akasema kizuri, akampa aliyefuata, na aliyefuata akampa mwengine, kikanifikia juu ya jeti kina harufu ya embe na dizeli, nikasema asanteni.

Kiko hapa mkobani naandika. Jumanne ijayo nina safari tena ya Mokowe, na yule mama nimesikia hushuka na maembe kila Jumanne.

Mkiichapisha barua hii jina langu msiliweke, tafadhali. Najua Lamu haitasaidia kitu, lakini msiliweke.

Msomaji wenu, Langoni