Shangazi Anajibu: Mke wangu ananipeleka kwenye maonyesho ya yoga

Shangazi, shikamoo. Mke wangu ni mpenzi mkubwa wa yoga, mimi hata mkeka wake sijawahi kuukalia. Sasa amekata tiketi mbili za maonyesho ya yoga na afya, siku nzima, yeye na mimi. Nampenda, kwa hiyo nimekubali. Lakini nina wasiwasi. Mgongo unanisumbua muda mrefu na sitaki kulazwa sakafuni mbele za watu. Halafu nimesikia walimu huwashika watu viuno wakiwarekebisha, hilo silipendi hata kidogo. Na mke wangu akiona chupa imeandikwa "asilia" haulizi la pili, analipa. Niambie, pale naenda kama nani: mume, mlinzi au mbeba mizigo?
Mume Mwenye Mgongo

Marahaba, mwanangu. Hapo kwa mbeba mizigo umenichekesha, maana nawajua. Kabla sijastaafu nilikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, na yalipokuja maonyesho ya namna hii nilikuwa nawekwa bandani kuwaonyesha watu jinsi ya kuinuka kitini bila kuumiza mgongo. Ukikaa bandani kutwa, wageni unawasoma kwa mwendo wao. Marafiki wawili hujaribu kila kitu na kuchekana. Wanandoa ni habari nyingine: mmoja yuko mbele macho yanang'aa, mwenzake anamfuata kwa mbali, amegeuzwa kabati la mikoba, anatafuta kiti kwa macho.

Huyo wa nyuma ana kazi pale, basi tu hajaambiwa. Kazi yake ni kuuliza. Mpenzi wa yoga hawezi kuuliza kila kitu. Ameshaamini, tena anaona haya kumbana mwalimu anayemheshimu. Wewe haya hiyo huna. Ila angalia, kuuliza ni kitu kimoja na kumwaibisha mkeo ni kingine. Usianze kubishana na muuzaji wakati mkeo ameshafungua pochi. Yamalizeni nyumbani: hakuna kulipa kitu mara ya kwanza mnapokiona. Chukueni vipeperushi, zungukeni ukumbi wote, tafuteni mahali mkae mnywe maji, ndipo muamue. Vingi vilivyoonekana vya lazima saa nne asubuhi, saa nane hata jina lake hamlikumbuki.

Tuje kwenye mgongo. Maumivu ya mgongo ya kawaida, yale ya muda mrefu yasiyo na ugonjwa mkubwa nyuma yake, hayakuzuii kufanya yoga. American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, kilipotoa mwongozo wake wa maumivu ya kiuno mwaka 2017 kiliitaja yoga miongoni mwa mambo ya kujaribiwa kabla ya vidonge. Lakini maumivu yakishuka hadi chini ya goti, au mguu ukifa ganzi na kuishiwa nguvu, mwone daktari kwanza, maonyesho baadaye. Ganzi ikishika katikati ya mapaja, au mkojo ukigoma au ukatoka wenyewe, hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Ikiwa hayo huna, ingia darasa la wazi, lakini ujue ni darasa la namna gani. Mwalimu yuko jukwaani na kipaza sauti, mbele yake mikeka imepangwa kama safu za msikitini au viti vya kanisani, na mgongo wako hauoni. Kwa hiyo kaa pembeni, karibu na msaidizi, umnong'oneze kabla hawajaanza kwamba una mgongo. Wakisema inameni mbele, kunja magoti, tena bila aibu. Misuli ya nyuma ya paja imejishikiza kwenye mfupa wa nyonga, ule unaoukalia. Ikikaza, nyonga inakataa kuinama, na deni lote linalipwa na kiuno. Ukikunja magoti misuli ile inalegea, nyonga inageuka, na mgongo unabaki umenyooka. Jirani yako atakuwa ameweka viganja chini na magoti yamenyooka kama rula. Mwache, ana mwili wake.

Utaona pia mabanda yenye matofali ya sponji, mikanda, viti vya kukunja na kamba zilizofungwa ukutani. Usidhani ni karakana. Huo ni mtindo wa B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India aliyezaliwa 1918 na kuugua sana utotoni. Alitumia vifaa hivyo ili hata mwili usiofika mbali upate mkao. Mwalimu wake, Krishnamacharya, ndiye aliyemfundisha pia Pattabhi Jois, na wafuasi wa huyo utawakuta pengine banda la jirani wakitoka jasho kwa mfululizo mmoja wa mikao, uleule kila siku. Kwa hiyo ukisikia mabanda mawili yanapingana na kila moja linasema ndilo lenye asili, usishangae, wote ni wa nyumba moja. Wewe anzia penye viti na mikanda.

La kushikwa. Ni kweli, walimu wengine hurekebisha kwa mkono, wengine hawagusi mtu kabisa. Mwalimu anayejua kazi anaomba ruhusa kwanza, na mahali pengine huwekwa kadi kando ya mkeka, upande mmoja unakubali, wa pili unakataa. Lakini, mwanangu, kiuno ni cha mkeo. Muulize yeye anapenda nini, usimtangazie wewe unachotaka, na muulize mkiwa wawili. Ukimvamia mwalimu katikati ya darasa utakuwa umeharibu siku na hujalinda kitu. Wewe mwenyewe pia unayo haki ya kusema "usiniguse, tafadhali", na kwa mgongo huo ningekushauri uitumie. Mtu aliyekufahamu dakika moja iliyopita hana sababu ya kuukandamiza.

Sasa zile chupa, na ndugu zake chupa. Nikueleze kimoja kwa urefu, ukishakielewa hicho vingine utavitambua mwenyewe: beseni la miguu la kuondoa sumu. Unakalishwa kiti kizuri, miguu inatumbukizwa kwenye maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi. Ndani ya maji kuna kidude cha chuma chenye waya wa umeme. Mashine inawashwa. Dakika chache tu maji yanaanza kuwa ya rangi ya machungwa, kisha kahawia, kisha juu yake panaelea povu na vipande vyeusi. Mhudumu anatoa chati yenye rangi: huu uchafu umetoka kwenye ini, huu kwenye figo, hivi vyeusi ni vya viungo. Watu wanaguna, wanapiga picha, na foleni inarefuka.

Hapo ndipo mwenye kazi ya kuuliza anasogea na kusema kwa upole: samahani, tunaomba mtuwashie mara moja bila miguu. Maji yatabadilika vilevile. Kinachobadilisha rangi ni chuma chenyewe. Umeme na chumvi vinakila, kinatoa kutu. Ini na figo hazina bomba la kutokea kwenye nyayo, na kazi ya kuondoa taka zinaifanya usiku na mchana bila beseni. Niliwahi kumwona mama mmoja akiomba jaribio hilo. Mhudumu alimwambia mashine imechoka.

Kwa virutubisho ulizeni mambo matatu: ndani mna nini, kwa kidonge kimoja ni kiasi gani, na nani hapaswi kutumia. Hilo la mwisho ndilo kipimo cha muuzaji. Chukua ashwagandha, mzizi unaouzwa sana kwenye maonyesho haya kwa ajili ya usingizi na msongo wa mawazo. Umehusishwa na visa vya watu kuumia ini, si vingi lakini vipo, na mjamzito anashauriwa kuuepuka. Manjano nayo ikiwa ya vidonge vikali si sawa na ile ya kupikia. Anayetumia warfarin ili damu isigande asiimeze kabla ya kumwambia daktari wake. Muuzaji akikujibu kwamba dawa yake haina mtu wa kukatazwa, mshukuru, shika mkono wa mkeo, endeleeni kutembea.

Na usiende kununa siku nzima. Alasiri huwa kuna kikao cha kulala chali huku mtu akigonga upatu na bakuli za shaba. Sikuahidi kwamba kinaponya chochote. Omba blanketi, likunje, liweke chini ya magoti. Kiuno kinashuka sakafuni na unaweza kulala vizuri kuliko kitandani kwako. Ukikoroma hutakuwa wa kwanza, wapo wanaokwenda kwa hilo tu.

* * *

Shangazi, mama yangu ana presha ya macho na anatumia matone kila siku. Amesikia habari za maonyesho ya yoga, anataka nimpeleke na ameapa atashiriki. Nimkatalie?
Binti Yake

Usimkatalie, mpeleke. Ila kuna mikao isiyo yake: yoyote inayoweka kichwa chini ya moyo. Kusimama kwa kichwa hupandisha presha ya jicho karibu maradufu, na hata ile mikao inayoonekana ya upole, kama kuinama mpaka mikono iguse chini au kuweka mikono na miguu sakafuni na makalio juu, nayo hupandisha. Ikiisha, presha inarudi chini, lakini jicho ambalo mshipa wake wa fahamu umeshaumia halihitaji jaribio hilo. Vile vitambaa vya kuning'inia, ambavyo watu hujigeuza ndani yake kama popo, mpitishe mbali. Muulize daktari wake wa macho kabla ya siku, na matone muende nayo, maana maonyesho husahaulisha saa.

Vilivyobaki ni vingi: yoga ya kwenye kiti, mikao ya kusimama, mazoezi ya kupumua polepole bila kubana pumzi. Mwambieni mwalimu mapema naye atampa mkao mbadala kila wenzake wanapoinama.

Jambo moja nimeliona sana bandani na linanikera. Mzee akija na mwanawe, wahudumu wote humsemesha mwana: mama anaumwa wapi, mama anaweza kuketi? Naye mama yuko palepale, anasikia. Wakikuuliza wewe, mgeukie yeye, unyamaze.

* * *

Shangazi, mimi na rafiki yangu tunaanza yoga na tutakwenda maonyesho kununua mikeka. Tuchague vipi? Mwenzangu ni mrefu sana, mimi mfupi.
Warefu kwa Wafupi

Mkeka wa kawaida una urefu wa sentimita 173 hivi na upana wa 61. Rafiki yako alale juu yake palepale bandani, viatu kando. Kichwa au visigino vikitoka nje, aulizie mrefu zaidi, wapo. Unene wa milimita 4 hadi 6 unawatosha wengi. Ile minene sana kama godoro inawafaa wanaofanya mazoezi ya kulala, lakini ukisimama kwa mguu mmoja inakuyumbisha.

Ya mpira wa asili inashika vizuri ila ni mizito na ina harufu mwanzoni, na mwenye mzio wa mpira, yule anayewashwa na glavu au baluni, asiiguse. Ya plastiki ni myepesi na hudumu, lakini mingine huteleza ikiwa mipya. Msiipime kwa kuipapasa tu. Lowesheni viganja kidogo, maana kwenye mazoezi vitakuwa na jasho, piga magoti, weka mikono mbele, usukume. Mikono ikitembea, rudisheni mkeka. Muuzaji akikataa msiujaribu, banda la pili liko hatua chache.

Mkanda wa yoga msiununue kwanza. Wa joho la kuogea unatosha.