Ukitaka Kusaidiwa Msimbo, Usilete Mradi Mzima

Ujumbe ninaoupata sana kutoka kwa vijana wanaoandika programu hapa Mombasa huwa hivi: "Kaka, salaam. Programu yangu imegoma. Nisaidie." Chini yake kuna picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imekaa upande, na mwanga wa taa umeangukia palepale penye mstari wa kosa. Baadaye kidogo unafuata mradi mzima: klasi arubaini (vipande vya msimbo wa programu), picha za nembo, hifadhidata, na nywila ya hifadhidata humo humo.

Mimi kazi yangu ni programu za madukani: mauzo, stoki, risiti. Nyingi nazitengeneza kwa Java Swing, vifaa vya Java vya kuundia madirisha na vitufe, chache kwa Windows Forms, vya Microsoft vya kazi hiyohiyo. Wapo wanaotucheka kwamba tumebaki nyuma, kwamba mambo yote siku hizi ni ndani ya kivinjari. Waje wasimame nyuma ya kaunta siku mtandao umekatika na wateja wamejaa hadi mlangoni, halafu tuzungumze. Programu inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe na kuchapa risiti bila kuomba ruhusa ya intaneti bado ina soko hapa mjini. Kwa hiyo mtu akikuuliza swali la Swing, usimjibu "achana na Swing". Hakuuliza hilo.

Turudi kwa muulizaji. Ninachotaka kujua kwanza ni ulitaka programu ifanye nini na badala yake ikafanya nini. Maneno ya kosa yanakili kama maandishi, yote, hata yale marefu yanayotisha. Picha siwezi kuitafutia neno ndani yake.

Lakini kinachosaidia kuliko vyote ni kupunguza. Acha nieleze kwa mfano, maana huu nimekutana nao kwa sura nyingi mno.

Kijana mmoja alikuwa akitengeneza programu ya duka la leso, Biashara Street. Dirisha kuu lina jedwali la bidhaa. Ukibonyeza "Ongeza" linafunguka dirisha dogo, unajaza jina la leso na bei, unabonyeza "Hifadhi". Dirisha dogo linafunga, na jedwali liko vilevile. Alikuwa na hakika kwamba JTable, jedwali la Swing, ina kasoro. Alishajaribu repaint, alishajaribu revalidate, amri za kuchora na kupanga upya, kila amri aliyoisikia alikuwa ameibandika mahali.

Nikamwambia aweke mradi kando, afungue mradi mtupu. Asilete hifadhidata, wala ukurasa wa kuingilia, wala ikoni. Alete madirisha mawili tu: moja lina lebo, jingine lina kitufe, na kitufe kikibonyezwa lebo ibadilike. Kosa likionekana hapo, anitumie hizo klasi mbili. Lisipoonekana, arudishe vitu kimoja kimoja hadi lijitokeze.

Hakunitumia kitu. Alipiga simu anacheka. Ndani ya kitufe cha "Hifadhi" alikuwa ameandika new DirishaKuu() kisha akaliongezea bidhaa hilo. Kwenye mradi mkubwa mstari ule ulikuwa umejificha kati ya mistari mia. Kwenye klasi mbili haukuwa na pa kujificha.

Hili ndilo swali la objekti linalowasumbua wanaoanza kuliko yote, ingawa mwenyewe hulileta kama swali la jedwali. Klasi ni ramani ya fundi. Kila ukiandika new, fundi anajenga duka jingine, yaani objekti mpya, kwa ramani ileile. Kijana alikuwa anapeleka mizigo kwenye duka jipya ambalo halijafunguliwa mlango, huku amesimama kwenye duka la zamani anashangaa mbona rafu hazijai. Wala kompyuta haina la kulalamika, kwa sababu mizigo imefika ilikotumwa.

Dawa ya haraka ni kumpa dirisha dogo dirisha kuu lililopo, kupitia konstrakta yake (sehemu ya klasi inayoendeshwa ukiandika new), liweze kuzungumza na hilohilo. Dawa ninayoipenda zaidi ni kuitoa orodha ya bidhaa nje ya madirisha kabisa, ikawa objekti yake, na madirisha yote mawili yakapewa hiyo moja. Wazo la kutenganisha data na kinachoionyesha si geni: Trygve Reenskaug, Mnorwe, aliliandika mwaka 1979 akiwa Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox, na Swing yenyewe imejengwa juu ya fikra hiyo. Rithi AbstractTableModel, klasi ya Swing ya kushikia data ya jedwali, ukiongeza safu mlalo ita fireTableRowsInserted, na jedwali litajichora upya bila kubembelezwa.

Kuna jibu la tatu, na ndilo utakalopewa na wengi: "weka static kila mahali," yaani data iwe moja tu kwa klasi nzima badala ya kila objekti kuwa na yake. Litafanya kazi, hilo sikatai. Ila mwenye duka akifungua tawi la pili Kongowea, akataka stoki mbili ndani ya programu moja, utalia. Kama unamsaidia mwenzako, usimpe static ili tu akuache ulale.

Swali la pili kwa wingi ni la skrini kuganda. "Nikibonyeza Tuma, programu nzima inakufa." Tangu maduka yaanze kutuma ankara za eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa mtandao, nalisikia zaidi. Sababu karibu kila mara ni moja. Swing ina uzi (thread, mfuatano wa kazi zinazofanywa moja baada ya nyingine) mmoja unaochora skrini na kusikiliza kipanya na kibodi. Ukiandika ndani ya kitufe kazi ya kusubiri jibu la mtandao, umeusimamisha uzi huohuo, na hadi jibu lije hakuna wa kuchora. Programu haijafa, inasubiri.

Ukitaka kuhakikisha badala ya kukisia, iache ikiwa imeganda, kisha kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, endesha jstack, chombo kinachokuja na Java cha kuonyesha kila uzi unafanya nini, ukiipa namba ya programu hiyo (PID). Tafuta uzi unaoitwa AWT-EventQueue-0, usome umesimama kwenye mstari gani. Mara nyingi utakuta jina la methodi yako mwenyewe hapo. Kazi hiyo ihamishie kwenye SwingWorker, iliyomo ndani ya Java tangu toleo la 6: sehemu ya kusubiri iingie doInBackground, na kubadilisha lebo au jedwali kungoje done, kwa kuwa done hurudi kwenye uzi wa skrini. Anayetumia C#, lugha ya Windows Forms, ana async na await tangu 2012, na mambo yake ni mepesi zaidi. Wa Tkinter, vifaa vya madirisha vya Python, atumie after kwa vitu vya kurudiarudia, na akumbuke kwamba akiandika mabano mwishoni mwa jina la methodi kwenye command, mahali pa kutaja kazi ya kitufe, ameiita papo hapo kabla kitufe hakijaguswa.

Sasa wewe unayesaidia. Usinyang'anye kibodi. Najua inawasha vidole kumwangalia mtu akitafuta herufi, lakini ukimwandikia utamwona tena kesho na swali lilelile. Mwache asome kosa kwa sauti, hasa ule mlolongo mrefu wa Java, ashuke hadi mstari wa kwanza wenye jina la klasi aliyoiandika yeye. Vijana wengi hawajawahi kuusoma. Huuona mwekundu na kuufunga. Kama bado anatumia Java 8, na wengi wanatumia kwa sababu ya kompyuta za wateja, mshauri ajaribu pia kwenye toleo la 15 au la baadaye: NullPointerException, kosa la kutumia kitu ambacho ni null, yaani kitupu, huko inakutajia kitu gani hasa kilikuwa null.

Na tukutane ana kwa ana inapowezekana. Watu wa pwani hatufundishwi kukaa barazani. Wengine hukutana Swahilipot Hub, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa hapa Mombasa, wengine vibarazani tu jioni, kahawa chungu na kashata, laptopu mapajani. Jambo ambalo mtu hulizunguka siku nzima kwa maandishi huisha kabla hujamaliza kikombe, maana akianza kulieleza kwa mdomo husimama katikati ya sentensi: "Ee, ngoja kwanza..." Hapo nyamaza. Nakuomba sana, nyamaza.

Kabla ya kumpa mtu msimbo, toa nywila, toa funguo zako za Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, na majina na namba za simu za wateja wa dukani badilisha uweke za uongo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiulizi kama ulikuwa unaomba msaada tu. Ukipunguza mradi kama nilivyosema, sehemu kubwa ya hayo hutoka yenyewe.

La mwisho ni pesa, ambalo watu huona haya kulitaja. Kukaa na mwenzako jioni moja mkitafuta kosa si kitu cha kulipana. Lakini akianza kusema "basi tuongeze na ripoti ya mwezi", na mradi wenyewe ni wa mteja aliyekwisha kumlipa malipo ya awali, hapo tumeshaingia kazini, na mimi huuliza palepale fungu langu ni kiasi gani. Wapo walionuna. Wengi walitaja bei, tukaendelea.