Mafunzo yanapokwama wodini

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Mimi ni mkunga katika kituo cha afya kimoja hapa Pemba. Nilipelekwa Unguja kusomea namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Niliporejea nikahamishiwa chumba cha chanjo, na wenzangu wa wodi ya wazazi wanasema kazi zimewazidi, hawana wasaa wa kufundishwa. Elimu hii itanifaa nini?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada. Mwaka 1988 wataalamu wawili wa Marekani, Timothy Baldwin na Kevin Ford, walieleza kuwa mtu kuyatumia mafunzo kazini hutegemea yeye mwenyewe, namna alivyofundishwa, na mazingira anayorudia, yaani anavyoungwa mkono na nafasi anayopewa ya kutenda. Wewe umenyimwa hilo la mwisho.

Kumlipia mkunga nauli ya boti na posho, kisha kumtoa wodi ya wazazi mara anaporudi, ni hasara kubwa, na wanaopanga zamu hawana budi kuambiwa hivyo. Mtoto asiyepumua anatakiwa aanze kupuliziwa hewa ndani ya dakika moja tangu kuzaliwa. Dakika hiyo haitoshi kutafuta mfuko na barakoa vya kumpulizia hewa vilivyofungiwa kabatini, ufunguo ukiwa kwa mtu aliyekwisha toka zamu.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kuhusu kina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Wakunga hawakupewa semina peke yake: walipewa shuka la plastiki lenye alama za kupimia damu, dawa na vifaa vikawekwa pamoja tayari kwa matumizi, na matokeo ya kila wodi yakajadiliwa na wafanyakazi wenyewe. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60.

Kwa hiyo muone muuguzi mkuu wako, na akishindwa, muombe mwende pamoja kwa uongozi wa afya wa wilaya. Omba urudishwe wodini, mfuko na barakoa vikaguliwe kila mnapokabidhiana zamu, na muwe na dakika chache za kufanya mazoezi kwa mwanasesere hapo hapo, kwani wasiokuwa na wasaa wa semina wasaa huo wanaweza kuupata. Ikiwa uhamisho haubadiliki, omba angalau upangiwe baadhi ya zamu za usiku katika wodi ya wazazi, mkono usije ukasahau.