Hofu ya Safarini Bila Damu: Maswali ya Wasomaji

Swali: Habari za kazi, wahariri. Tunaandaa filamu ya dakika 70: dada na kaka wanatoka Dar kwenda Iringa usiku, kuna lori linawaandama. Mwongozaji anataka hofu bila damu. Prodyuza anasema bila maiti mtazamaji ataondoka. Tumsikilize nani?
*Msomaji, Kimara*

Jibu: Mwongozaji, ila kwa sharti: lori lenu liongee lugha anayoielewa kila aliyepita barabara ya Morogoro. Dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kushoto anakwambia pita. Ya kulia, tulia nyuma, kuna gari linakuja. Matawi yakitandazwa kwenye lami, mbele kuna gari bovu. Onyesheni alama hizi zikisema kweli mara mbili mapema, bila muziki. Ya tatu idanganye: indiketa ya kushoto inawaka, kaka anatoka kupita, taa kubwa zinamjia usoni. Au matawi yapo, yamepangwa vizuri, wanapunguza mwendo, wanasubiri, na gari bovu halipo.

Dereva asionekane uso. Katika *Duel*, filamu ya Steven Spielberg (1971) ya lori linaloandama gari, tunaonyeshwa mkono wa dereva wa lori na buti tu. Huku kwetu mwovu hupewa hotuba ya kueleza kisasi chake dakika za mwisho, na hofu yote inaisha hapo. Ifuteni.

Swali: Hatuna trela la kubebea gari wala uwezo wa kufunga barabara. Sini za ndani ya gari tutazishutije?
*Msomaji, Mbagala*

Jibu: Gari lisimame. Tafuteni uwanja wa mpira usio na taa, Kigamboni vipo, pasiwe na ukuta wala nyumba nyuma ya vioo. Injini izimwe kwa ajili ya sauti, lakini ufunguo ubaki umewashwa, la sivyo usukani utajifunga. Taa za dashibodi zitakula betri, kwa hiyo muwe na ya akiba. Pitisheni mbao ya mbili kwa nne, urefu wa mita 2, chini ya chasisi upande wa nyuma (si kwenye bampa, itapasuka), iegemee kigogo, na mtu mmoja aibonyeze kidogo kidogo bila mpangilio. Akizidisha, gari litayumba kama mtumbwi.

Taa ndiyo kazi yenyewe. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wa gari linalokuja lazima upite kulia, upande wa dereva, kutoka mbele kwenda nyuma. Wengi huupitisha upande wa abiria. Mtazamaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa ingawa hawezi kukitaja. Kwa lori la nyuma, fungeni taa mbili za LED kwenye fito, ziachane karibu mita 2, watu wawili waibebe kuanzia mita 20 wakisogea polepole, hadi mwanga ugonge kioo cha ndani na kuangukia macho ya dereva. Kabla ya mwanga mwingine acheni giza la sekunde 10 hadi 15. Mwigizaji asiache kuchezesha usukani, sentimita 2 tu.

Sauti ya injini irekodiwe siku nyingine, kinasa kikishikwa na abiria: mwendo wa 40, 60 na 80, dakika 3 kila mmoja, vioo vikiwa vimefungwa, kisha wazi.

Picha za nje shutini jioni. Jua likishazama Dar mnabaki na mwanga wa buluu wa dakika 20 hivi. Pangeni shoti 3, msijidanganye na 10.

Swali: Chini ya taa za mtaani picha inapita mistari myeusi, na lenzi inashika ukungu. Tatizo nini?
*Msomaji, Mikocheni*

Jibu: Umeme wetu ni hezi 50. Wekeni fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Ukungu unakuja kamera ikitoka kwenye AC na kukutana na joto la unyevu: iacheni nje ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 30 kabla ya kuifungua. Kufuta hakusaidii, utarudi. Kioo cha mbele nacho hushika pumzi za waigizaji. Fungueni milango kila baada ya teki.

Swali: Vibali je? Tunataka gari liharibikie Mikumi.
*Msomaji, Tabata*

Jibu: Anzeni na Bodi ya Filamu Tanzania, kisha polisi wa usalama barabarani. Mikumi, ambako barabara inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, ipo chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) na kibali chake ni cha peke yake. Tena kuna tembo na simba, si mahali pa kushusha watu usiku. Chukueni shoti za kupita mchana mkiwa garini, na gari liharibikie kwenye kichaka chochote cha Kigamboni.