Muulize Muuguzi: Moshi wa misitu na mwanangu mwenye pumu

SWALI: Jambo sana, dada muuguzi. Sisi ni Wakongo tuliotoka kambini, tunakaa Boise, Idaho, kwenye nyumba ya trela. Kila kiangazi misitu ikiwaka, mwanangu wa miaka 8 mwenye pumu anakohoa usiku kucha. Mimi huvuka mpaka kwenda kuvuna vitunguu Ontario, jimbo la Oregon. Msimamizi anasema nijifunge kitambaa puani, inatosha. Mume wangu anasema tulikulia kwenye moshi wa kuni, tutazoea. Nifanye nini? – Mama Furaha

JIBU: Pole sana, Mama Furaha. Baba Furaha anisamehe, lakini mapafu hayazoei moshi. Moshi huo una chembe zisizofika maikromita 2.5, unywele wako ni mnene kuzishinda kama mara 30. Kitambaa hakizizuii, hata ukikilowesha.

Septemba 2020, Oregon ilipowaka, nilikuwa Portland nikiwatembelea wagonjwa majumbani. Upande wa vilimani watu walikuwa wamefunga madirisha, viyoyozi vinanguruma. Mashariki ya mji, kwenye nyumba za kupanga, nilikuta taulo mbichi zimesokotwa chini ya milango, na bado koo linawasha ukiwa umekaa kitandani kwa mgonjwa. Mbingu ni moja, lakini hawakuvuta hewa moja. Hilo liliniuma, linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo tuanze na trela. Kama kinachowapoza ni kile chombo cha maji cha dirishani, kinavuta hewa ya nje na moshi wake. Kizime moshi ukizidi. Joto likiwa kali usijifungie na mtoto humo, maana joto nalo linaua. Mpeleke maktaba ya umma mkae huko mchana. Nyumbani tenga chumba kimoja cha kulala. Nunua feni ya mraba ya inchi 20 na chujio la MERV 13 (daraja la chujio linalonasa chembe ndogo za moshi) la kipimo hichohicho, ulibandike kwa utepe mgongoni mwa feni, mshale uelekee kwenye feni. Nilitengeneza yangu mwaka ule. Chujio lilikuwa jeupe. Siku ya nne lilikuwa kama limemwagiwa chai ya rangi, na nilikuwa nimefunga kila dirisha. Usiiache ikizunguka mkiwa mmetoka au mmelala. Siku hizo usikaange, usifukize udi. Dawa ya kuvuta ya mtoto isikae mbali naye, na akivuta pumzi hadi mbavu zinabonyea, piga 911 hapohapo.

Sasa kazi. Idaho haina sheria yake ya moshi wa misitu kazini. Oregon inayo tangu Julai 2022, na wewe vitunguu unavunia Oregon. Kipimo cha uchafu wa hewa (AQI) kikifika 101, yaani rangi ya machungwa kwenye AirNow, ramani ya hewa ya serikali mtandaoni, mwajiri lazima atoe barakoa za N95, zinazochuja chembe ndogo, bure kwa anayetaka. Kikipanda juu zaidi sana, kuvaa ni lazima. Tena lazima awaeleze haya kwa lugha mnayoielewa. Mwonyeshe msimamizi namba kwenye simu, umwombe N95. Akikataa, piga Oregon OSHA, ofisi ya jimbo ya usalama kazini, omba mkalimani wa Kiswahili, na uwaambie jina lako lisitajwe. Kukufukuza kwa sababu umelalamika ni kosa kisheria. Najua mshahara wa wiki hii ndio kodi ya mwezi ujao, ndiyo maana nakuambia hayo ya jina.

Jambo moja kuhusu ramani hiyo. Vipimo vingi vidogo vinavyoonekana pale watu wamejinunulia wenyewe, kwa hiyo vimejaa mitaa ya wenye uwezo. Cha karibu nawe kinaweza kuwa mbali na trela yenu. Kikisema kijani, yaani hewa safi, na wewe huvioni vilima unavyoviona kila siku, amini macho yako, umwache mtoto ndani.

Niandikie tena unieleze msimamizi amejibu nini.