Kabla hujamuuzia mtu wa chuma chakavu

Ndugu uliyeuliza juu ya trekta la marehemu baba yako mkubwa, lile Massey Ferguson 35 lililolala nyuma ya ghala la mahindi: swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema mnunuzi wa chuma chakavu ameshakuja kulipima kwa macho, wenzako wanakucheka, na wewe umekuwa ukitazama video za Wamarekani wanaofufua vitrekta vya bustani ukajiuliza kama mambo hayo yanawezekana hapa kwetu. Yanawezekana. Huu ni mwaka wangu wa tisa wa kufufua matrekta, hapa Kigumba, Uganda, chini ya mwembe, na mshahara wangu si wa kutisha.

Kwanza vile vitrekta vya kwenye video uvisahau. Viliundwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba yake na uwanja mpana wa majani. Cub Cadet ya International Harvester ilitoka mwaka 1961, John Deere nao wakatoa 110 yao mwaka 1963. Vinakata majani, vinasukuma theluji. Hapa Uganda nimewahi kukiona kimoja tu, kimepandishwa juu ya matofali, hakina hata tairi. Ukikitaka hicho, kila bolti utaagiza ng'ambo. Trekta dogo la kwetu ni Ferguson ya kijivu na mdogo wake Massey 35. Hayo ndiyo yaliyoletwa kwenye mashamba makubwa na misheni, na hayo ndiyo unayoyakuta leo yameota magugu.

Mimi ninayo mawili. La kijivu ni TE20, aina iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya nusu milioni. Nililipata upande wa Masindi, kuku anaatamia chini ya usukani. La pili ni 35 kama lako, na ndilo lililonifundisha mengi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Watu wote huuliza kwanza kama injini imekwama. Imekwama, ndiyo, trekta likilala miaka mingi injini hukwama. Isikutishe. Toa nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, mimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki kwenye kila silinda, liache wiki nzima, kisha litikise kwa kusukuma gurudumu la nyuma huku gia imeingia. Likikataa, ongeza, ngoja tena. Usilivute kwa lori ukitegemea litaachia. Utapinda kitu ambacho kilikuwa kizima.

Kinachoua trekta la zamani ni vitu vidogo vilivyopotea. Pistoni unanunua. Ile pini ya mkono wa nyuma wa kuinulia jembe ambayo mtoto wa jirani aliiuza akanunua mandazi, hiyo huinunui popote. Langu lilikuja bila mkono wa juu, bila fimbo moja ya kuinulia, bila kifuniko cha bateri, bila kijiti cha kupimia mafuta, na ile sahani ya chuma yenye mfereji ambamo leva ya haidroliki hupita ilikuwa imekatwa nusu, sijui mtu aliitakia nini. Injini ilinichukua miezi minne. Vitu hivyo vidogo vilinichukua miaka miwili na zaidi.

Sahani ile niliiga kutoka kwa trekta la mzee mmoja wa Bweyale. Nilienda na boksi la biskuti, nikalibana juu ya sahani yake, nikasugua kwa penseli mpaka mfereji wote ukajichora, kisha nikakata kwa wembe. Kiolezo hicho nilikipeleka Katwe, mtaa wa mafundi chuma kule Kampala. Kama hujawahi kuingia Katwe na shida ya chuma, nenda: kijana alikitazama kile kikaratasi, akachukua bamba, akalikata na kulipiga tupa huku akiongea na simu, na lilipofika nyumbani liliingia bila hata kugongwa. Pini nazo nilikerezewa hukohuko. Mwambie mkereza akutumie chuma kigumu, chuma laini cha dukani kitaliwa ndani ya msimu mmoja.

Sasa kuhusu spea za injini. Watakuambia usijali, kwa sababu MF 240, hizi zinazolima mashamba ya watu kila msimu, zina injini ya ukoo uleule, Perkins ya silinda tatu ya lita 2.5. Ni kweli, na ndiyo sababu 35 ni chaguo zuri kwa mtu anayeanza: vitu vingi utavipata Kampala, kwa wauza spea wa Kisekka au Ndeeba. Lakini ukoo si pacha. Injini ya 35 huunguza mafuta kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni, ya 240 hunyunyizia moja kwa moja juu ya pistoni. Kwa hiyo pistoni, silinda hedi na nozeli si zilezile. Mimi muuzaji aliniapia "zote moja hizo, boss," nikapanda basi na nozeli mfukoni, kilomita mia mbili na ushee, nikafika nyumbani nikaziweka pembeni ya za zamani. Hata mtoto angeona tofauti. Tangu siku hiyo siendi dukani mikono mitupu. Cha zamani kinakaa juu ya kaunta, kipya kinakaa pembeni yake, ndipo pesa inatoka.

Na kabla ya hayo yote, futa vumbi kwenye kile kibati cha namba upande wa dashibodi. Namba ikianza na SNM, una ile Perkins ya silinda tatu, shukuru Mungu. Ikianza na SNF, hiyo ni dizeli ya zamani zaidi ya silinda nne, injini ya Standard. Sisemi uitupe, ila ujue ni mvivu wa kuwaka asubuhi na spea zake utazisaka. Kwa wenye TE20 wanaosoma hapa: TEA ni petroli, TED ni ile ya kuwashwa kwa petroli kisha kuhamishiwa mafuta ya aina ya taa, TEF ni dizeli. Halafu kwenye TE20 waya chanya ya bateri ndiyo inayofungwa kwenye bodi, kinyume na gari lako. Fundi wa umeme atakuja, ataguna, "nani alifunga hivi?" na atataka kugeuza. Mzuie.

Jambo jingine la siku ya kwanza. Kwenye 35, giaboksi, ekseli ya nyuma na haidroliki vyote vinaogelea kwenye mafuta yaleyale. Trekta likikaa nje, mvua inapita kwenye ule mpira wa leva ya gia uliochanika na kuteremka ndani, kidogo kidogo, miaka nenda rudi. Maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini. Kwa hiyo weka beseni, legeza nati ya kutolea mafuta polepole bila kuitoa, utazame kinachoanza kudondoka. Langu lilitoa maji matupu, ya rangi ya chai ya rangi, karibu jagi zima, ndipo yakafuata mafuta meupe kama uji wa maziwa. Usijaribu kuliendesha na uji huo ndani. Nilisafisha kwa dizeli mara tatu.

Hapo ndipo nilipojiaibisha, na nakueleza ili usinifuate. Injini ilishawaka, giaboksi imekula mafuta mapya, nikavuta leva ya haidroliki, mikono ya nyuma haikunyanyuka. Nilikuwa nimesoma kwamba valvu ya pampu hukwama kwa kutu, na pampu yenyewe imejificha ndani ya tumbo la trekta, chini ya kiti. Nikajiambia ndiyo hiyo. Nikafunga winchi ya mnyororo kwenye tawi la mwembe, nikafungua bolti zote kuzunguka kile kifuniko kikubwa, nikakinyanyua na kiti chake. Siku tano. Nilisafisha kila kitu kwa brashi na dizeli, valvu ikawa inateleza kwa kidole kimoja, nikakata gasketi mpya, nikarudisha. Nikawasha. Mikono kimya.

Nikamwita mzee mmoja wa Bombo, Mnubi, aliyekuwa fundi wa matrekta tangu ujana wake na sasa anakaa kwa binti yake hapa mjini. Alifika na fimbo yake, akakataa kiti, akazunguka trekta mara moja.

"Kanyaga klachi," akaniambia.

Nikakanyaga. Akasukuma kwa ncha ya fimbo leva ndogo iliyo chini, upande wa kushoto, ile ya PTO, yaani shafti ya nyuma inayozungusha zana. Ikalia *tak*. Nilipoachia klachi, mikono ikapanda mpaka juu kama mtu anayeswali.

"Sasa wewe," akasema, "ulipofungua huko ndani, ulikuwa unatafuta nini?"

Pampu ya 35 huzungushwa na shafti ya PTO. PTO ikiwa haijaingia, pampu hailali wala haiamki, imesimama tu. Hata TE20 iko hivyohivyo. Nilimpa mzee sukari kilo mbili na hakuacha kucheka mpaka anaingia kwa binti yake.

Kuwasha baada ya kufungua mfumo wa mafuta nako kuna watu hukata tamaa, wanamaliza bateri. Dizeli haipendi hewa. Legeza skrubu juu ya filta, piga ile leva ndogo ya pampu ya kuvutia mafuta kwa kidole mpaka povu liishe na mafuta yatoke laini. Funga. Kisha zile skrubu mbili za pampu ya CAV, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli, ya pembeni kwanza, halafu ya juu, vilevile. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha stata mpaka kila moja iteme, kaza moja moja. Trekta litaanza kukohoa kwa silinda moja, utakaza ya pili, na ya tatu hutahitaji kuambiwa.

Gharama? Nisikudanganye. Tairi za nyuma za inchi 28 zilichelewesha mabati ya jiko letu msimu mzima, na mama watoto hajasahau. Tairi za mbele za TE20, zile nyembamba za inchi 19, Kampala sikuzipata kabisa, natembelea zilizopasuka. Siku hizi 35 langu linavuta tela la mahindi la jirani na linajilipia dizeli yake, basi. Kama unatafuta biashara, nunua MF 240 inayotembea.

Rangi iache. Najua umeona zile za video zinang'aa, nyekundu juu na kijivu chini. Litembeze msimu mmoja kwanza likiwa na kutu yake, kwa sababu rangi mpya huficha mahali mafuta yanapovujia. La kwangu la kijivu sijalipaka hata leo, na sidhani nitalipaka. Ubavuni lina herufi za shamba lake la kwanza, zimefifia, nusu zinasomeka. Waulize wazee wako lako lilitoka wapi. Kuna yaliyokuja na mashamba ya vikundi ya serikali miaka ya 1960, kuna yaliyobadilisha mikono baada ya Wahindi kufukuzwa mwaka 1972, na wanaokumbuka wanapungua.

Piga picha ya kibati cha namba, na nyingine ya nyuma pale kwenye mikono ya kuinulia, uziweke hapa tuone kilichobaki. Mnunuzi wa chuma mwambie arudi mwezi ujao. Lakini pini zozote utakazoziona zinaning'inia, na kifuniko cha rejeta kama kipo, vitoe leo kabla hakujaingia giza, uviweke ndani chini ya kitanda.