Kaolini ya Pugu: anzia maabara

Ndugu, umeuliza kaolini yako (udongo mweupe wa mfinyanzi) ya Pugu, Kisarawe, umuuzie nani. Kabla ya kukusanya majina ya viwanda, peleka sampuli GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma wapime alumina (oksidi ya alumini), chuma, na weupe wake ikishachomwa. Chuma kikizidi hupunguza weupe, na watengenezaji wa karatasi nyeupe na rangi watakukataa. Wa vigae huenda wakakuchukua, maana uso wa kigae hufunikwa kwa tabaka la kung'aa. Nao wako karibu, Mkuranga na Chalinze. Omba kuonana na mtu wa maabara ya kiwanda, si ofisa manunuzi peke yake (huyo atauliza bei, kisha atakuaga). Kwa soko la nje, pekua takwimu za forodha: kaolini huorodheshwa kwa namba 2507, utaona nchi gani zinaagiza.